Uso Ndani ya Samaki

Samaki alishonewa kitandani, kwa sababu mshonaji wake hakuwa tena na nguvu za kukaa kwenye cherehani. Mwili wake ulikuwa pazia la zamani la sebuleni. Magamba yalikatwa kwenye vile vibati vya fedha vya pakiti za vidonge, ambavyo nyumba hiyo sasa ilikuwa navyo tele. Macho yalikuwa mabakuli mawili ya plastiki yaliyopinduliwa na kupakwa rangi ya njano, katikati ya kila moja duara jeusi, na ndani ya duara tone jeupe ili yaonekane hai. Mdomo ulishikiliwa wazi kwa waya, umetokeza mbele kama ndoo, na uso wa mvaaji ulikaa ndani kabisa, kooni.

"Basi nimemezwa," alisema Mama Cheka alipovishwa kwa mara ya kwanza. "Mtu akiniulizia, mwambieni niko tumboni."

"Uko kooni," mumewe alimsahihisha huku akimfunga kamba za mgongoni. Alikuwa mtu wa kusema mambo kama yalivyo.

"Kooni ni afadhali. Huenda akanitapika."

Binti yao, aliyekuwa ameshika kichwa cha samaki kisianguke, alicheka, kisha akageukia dirishani.

Jina la Mama Cheka alipewa na mtaa kwa ajili ya kazi. Mumewe alikuwa na studio ya picha, chumba kimoja chenye pazia la bluu na stuli, na siku zote yeye alisimama begani kwa mumewe, kando kidogo ya kamera. Alimfuta mteja jasho, akamnyoosha kola, akarudi mahali pake, halafu akasema neno. Lilikuwa neno tofauti kwa kila mtu. Bwana harusi aliyekakamaa, mzee mwenye meno mabovu, mtoto mwenye hasira, wote waliishia kucheka, na hapo mpiga picha alibonyeza. Ukizitazama picha zile vizuri, utaona hakuna anayeitazama lenzi. Wote wanamtazama mtu aliye pembeni.

Mwenyewe hakupenda kupigwa. "Mimi si wa kupigwa, mimi ni wa kupigisha," alikuwa akisema, na ukimwelekezea kamera aliinua kitenge akajifunika uso. Picha ya harusi yao ililowa mwaka ambao paa lilivuja, ikabaki suti ya mume na rangi ya waridi iliyotapakaa. Hakuna aliyeona pengo. Mwenyewe alikuwepo, anapita jikoni, anagomba, anaimba. Nani angetafuta picha yake?

Sasa daktari alikuwa amewaambia warudi naye nyumbani, na binti alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda akaomba picha moja tu.

"Haya," Mama Cheka alikubali. "Moja. Siku ya tamasha la mavazi, nikiwa nimevaa vazi langu, nimesimama kwa miguu yangu, ninacheka. Hiyo ndiyo mtakayobaki nayo. Lakini hapa kitandani sitaki kamera. Hata nikiwa sijitambui. Umenisikia, mzee?"

"Nimekusikia."

"Sema hutanipiga."

"Sitakupiga."

"Majirani wakisikia hivyo watasema nimeolewa na mume mwema," alisema, akafumba macho kupumzika.

*

Kamera ilikuwa mpya. Binti aliinunua kwa mkopo wa kazini baada ya bega la baba yake kuharibika. Ile ya zamani ilikuwa chuma kitupu, na miaka ya kuining'iniza shingoni ilimwacha mzee akitembea ameinamia upande mmoja kama mtu anayesikiliza mlangoni. Hii mpya ilikaa kiganjani. Muuzaji alieleza kwamba hizi za siku hizi hazina kioo ndani, ndiyo maana ni nyepesi, na ukichungulia huoni kitu chenyewe bali kijisinema kidogo cha kitu chenyewe. Mzee alilifikiria jambo hilo jioni nzima na halikumpendeza, lakini hakusema. Alijifundisha kama alivyojifundisha kila kitu maishani: alibonyeza kitufe kimoja, akaona kimefanya nini, akakirudisha kilipokuwa, akaenda kingine.

Macho yake nayo yalikuwa yamechoka, hivyo kilichomfariji zaidi ni kile kimraba cha kijani. Kamera ilitafuta jicho la mtu yenyewe. Ikilipata, kimraba kilikaa juu yake na kumfuata mtu hata akigeuka. Mpiga picha hakuwa na haja ya kuzungusha lenzi akikisia. Kazi yake ilikuwa kusubiri kimraba kitulie na kubonyeza.

Siku ya tamasha, uwanja wa mpira ulijaa tangu asubuhi. Kulikuwa na wafalme wa maboksi, jogoo wenye mikia ya mifagio, mwanamke aliyevaa magazeti kuanzia kichwani hadi miguuni, na mtu mmoja aliyejifanya mti na kila mara kuomba msaada wa kukunwa mgongo. Mzee alifungua kazi pembeni, karibu na uzio, kama kila mwaka. Mteja wa kwanza alikuwa mfalme. Alitunisha kifua, akashika fimbo, akasubiri. Akaendelea kusubiri.

"Mzee, piga basi, jua hili."

"Nimeshapiga."

"Umepiga saa ngapi? Sijasikia kitu."

"Haitoi mlio hii."

Mfalme alimtazama mwenzake, jogoo. "Umesikia? Picha bila mlio. Huyu anataka kula hela zetu mchana kweupe."

"Labda amepiga moyoni," alisema jogoo.

Watu walicheka. Mzee aliwaonyesha picha kwenye kioo cha nyuma, lakini jua lilikuwa kali na kioo kilionyesha vivuli vya vichwa vyao wenyewe tu. Mfalme aliondoka. Hatua chache mbele alisimamishwa na kijana mwenye duka la picha na kompyuta, ambaye mtaa mzima ulimwita Dijitali, na kamera ya Dijitali ilitoa mlio mkubwa kama kufuli. Mfalme akarudia kutunisha kifua.

"Shikamoo, mzee!" Dijitali aliita kutoka kule. Hakuwa na ubaya. "Naona na wewe umehamia kwetu!"

"Marahaba," mzee alijibu.

Mama Cheka alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli, samaki tayari mwilini, kichwa cha samaki mapajani. Aliyaona yote. "Njoo wewe mti!" aliita kwa sauti iliyobaki. "Njoo upigwe, nitakukuna mimi." Na mti ulikuja, na baada ya mti akaja mwanamke wa magazeti, ambaye Mama Cheka alimwambia asikae sana juani habari zisije zikachakaa, na kwa muda kidogo kazi ikawa kama zamani, yeye pembeni akisema neno, mumewe akibonyeza bila sauti.

Halafu alisema, "Sasa mimi. Kabla sijaisha."

Binti alimvisha kichwa na kumsimamisha. Watu walipoona samaki mkubwa akiinuka, walisogea na kupiga makofi. Mpiga picha aliangalia nyuma ya mkewe kama alivyozoea kuangalia nyuma ya kila mteja, akaona vyoo vya muda vya turubai, na foleni ya watu wamejishika matumbo. Hakutaka mke wake abaki duniani na vyoo mgongoni. Alifungua lenzi mpaka mwisho, ili kila kilicho nyuma kiyeyuke kiwe rangi tu. Akachungulia. Kwenye kijisinema, kimraba cha kijani kilirukaruka kidogo, kikapata jicho, kikatulia.

Tatizo likawa kwamba hapakuwa na mtu wa kusema neno. Mama Cheka alisimama ndani ya koo la samaki, midomo imekauka, akijitahidi.

"Cheka, mama," binti alimwambia.

"Nicheke nini? Mwenye maneno niko huku ndani."

Mzee alishusha kamera. Katika miaka yote hakuwahi kumchekesha mteja hata mmoja. Alifikiri sana, watu wote wakimtazama, kisha akasema, kwa uzito uleule ambao angetumia kumwambia mtu asogeze kiti, "Mke wangu, unanuka samaki."

Mama Cheka alilipuka. Alicheka mpaka taya la waya likatikisika na vibati vya vidonge vikalia mwili mzima, na mumewe akabonyeza, na kubonyeza, na kubonyeza, kimraba kimetulia tuli juu ya jicho, mpaka miguu ya mkewe ikakunjika na binti akamdaka.

*

"Nimetoka?" aliuliza jioni ile, kichwa kimezama kwenye mto.

"Umetoka."

"Nimecheka?"

"Umecheka mpaka basi."

Alimwonyesha kwenye kile kioo kidogo cha kamera. Aliona samaki, njano na fedha, na katikati ya mdomo uso wake mdogo kama kucha. "Macho yametoka vizuri," alisema. Alimaanisha ya samaki. Aliyapaka kwa siku nyingi, akifuta na kurudia. "Basi, kazi imekwisha. Sasa niacheni nilale."

Mzee alizifungua picha kesho yake, kwenye kompyuta ya binti, binti akiwa kazini. Ya kwanza ilipojaa kwenye kioo alisogea mbele, akafuta miwani, akasogea tena. Jicho la samaki lilikuwa safi ajabu. Ungeweza kuhesabu nywele za brashi kwenye rangi. Lile tone jeupe liling'aa. Na kule kooni, kivulini, shibiri moja nyuma ya taya, palikuwa na kitu cha rangi ya kahawia kilicholainika kama sabuni iliyosahaulika majini. Ulijua ni mtu. Ulijua hata kwamba anacheka, kwa sababu palikuwa na weupe mahali pa mdomo. Lakini hukuweza kujua ni nani.

Alifungua ya pili, na ya tatu, na zote zilizofuata. Kamera ilitafuta jicho, ikapata kubwa kuliko yote uwanjani, ikalishika na haikuliachia. Na yeye alikuwa amefungua lenzi mpaka mwisho, kwa ajili ya vyoo. Vyoo vilikuwa vimeyeyuka vizuri sana.

Alizima kompyuta na kukaa na mikono juu ya magoti. Chumba cha pili mkewe alikohoa, akaomba maji. Alimpelekea.

"Umeziona kubwa?" alimuuliza baada ya kunywa.

"Nimeziona."

"Zikoje?"

Hapo ndipo angeweza kusema. Alikuwa mtu wa kusema mambo kama yalivyo. Lakini kumwambia kungekuwa kumwomba ainuke tena, avae tena, asimame, acheke, na wote wawili walijua kwamba kutoka uwanjani alirudi akiwa amebebwa. Kumwambia na kutomwomba kungekuwa kumwondolea kitu alichokwisha kuweka mahali pake.

"Nzuri," alisema. "Vyoo havionekani."

"Vyoo gani?"

"Vilikuwa nyuma yako."

Alicheka kidogo, bila sauti. "Mume wangu. Mimi nakufa, wewe unaangalia vyoo."

Siku zilizofuata hakutoka kitandani. Alasiri moja alilala usingizi mzito wa dawa, na mwanga wa dirishani ulikuwa ule ambao mpiga picha angeusubiri wiki nzima: laini, wa upande, unaopita juu ya shavu na kuonyesha kila kitu bila kukishambulia. Uso ulikuwa umekonda, mdomo wazi kidogo, lakini ulikuwa wake. Paji lake, nyusi zake, lile jino lililopanda juu ya mwenzake. Mzee alikwenda akachukua kamera. Alisimama mlangoni, akaiinua. Kimraba cha kijani kilizunguka kidogo, kikakaa juu ya kope iliyofungwa. Safari hii ndilo jicho lenyewe.

Haitoi mlio. Hakuna ambaye angejua. Binti angeipata picha, na mwenye uso asingesikia kitu chochote.

Alisimama hivyo mpaka bega lake bovu likaanza kutetemeka. Kisha akashusha kamera, akaenda akaifungia kabatini, na kurudi kukaa kando ya kitanda, akimtazama kwa macho tu, kwa utaratibu, kutoka juu kwenda chini, kama mtu anayekariri njia.

*

Alifariki asubuhi, binti akimlowanisha midomo kwa pamba. Kabla ya jua kuwa kali dada mkubwa wa marehemu alikuwa amefika na mabegi, na nyumba ikawa chini yake. Alikuwa mwanamke wa mipango. Aligawa kazi za viti, za maji, za kaburi, na alipofika kwenye picha alinyoosha tu mkono, bila kugeuka.

"Shemeji, picha. Ya kuweka mbele ya jeneza. Na wanaochapa ratiba wanaitaka sasa hivi."

Mzee alivua miwani, akaanza kuifuta.

"Shemeji?"

"Ipo ya samaki," alisema binti. "Baba, si iko kwenye kompyuta yangu? Tutakata hapa kwenye uso tu." Alikuwa ameshaifungua kompyuta. Baba yake alimwona akivuta picha iwe kubwa, akiivuta tena, akisubiri kama mtu anayesubiri maji yatulie. Alifungua nyingine. Alifungua zote. Waliokuwa sebuleni walisogea mmoja mmoja kuchungulia.

"Baba, hii imekuwaje?"

"Kamera ilishika macho ya samaki."

"Ulijua?"

"Nilijua kesho yake."

"Na hukusema?" Sauti yake haikupanda, ilishuka. "Mama alikuwa hai. Tungemwomba. Mimi ningepiga hata kwa simu yangu, pale pale alipo. Mimi ningepiga!"

"Ndiyo maana sikukwambia," alisema mzee.

Binti alimtazama kama mtu anayeona nyumba yao kutoka upande asiowahi kupita. Kisha akaanza kutafuta kwenye simu yake, akipitisha kidole haraka: mkono wa mama ukifunika kamera, kitenge, kisogo, kitenge tena.

Kitambulisho kilipatikana ndani ya mkoba wa mama. Kilikuwa kimekaa miaka pamoja na sarafu na sindano. Jina lilisomeka, uso ulikuwa umekwanguka ukabaki nusu ya shavu na sikio.

"Haya makubwa," dada mkubwa alisema, na sasa aligeuka kabisa. "Fundi seremala akikosa kiti tutamwelewa. Lakini wewe, shemeji! Mji huu mzima umeupiga picha. Walevi umewapiga. Mbuzi wa watu umewapiga, nimewaona pale studio ukutani. Mdogo wangu amesimama begani kwako maisha yake yote, hukugeuza shingo?"

Mwanamke mmoja wa jirani alijaribu kusaidia. "Hakuwa anapenda, dada. Sote tunajua hakuwa anapenda."

"Mimi namuuliza mume wake."

"Ni kweli," alisema mzee. Hakufafanua lipi lilikuwa kweli. Mtu akahamisha kiti ambacho hakikuwa na haja ya kuhamishwa.

"Dijitali anaweza kuisafisha," binti alisema mwishowe, akifunga kompyuta. "Ana programu."

*

Duka la Dijitali lilikuwa na benchi la wateja, na mzee alikalia benchi hilo, katikati ya mama mwenye mtoto na mtu aliyekuja kutoa kopi. Hakuwahi kuwa mteja wa picha. Dijitali alipomwona alisimama, akaja kumpa mkono kwa mikono miwili, akasema pole, na akakataa malipo kabla hayajatajwa. "Yule mama ndiye aliyenichekesha kwenye picha yangu ya shule," alisema. "Acheni kabisa." Ukarimu huo ulimuuma mzee kuliko ambavyo bei yoyote ingemuuma.

Kijana, binti na dada mkubwa wakiwa wamesimama nyuma yake, aliikata picha, akauacha uso wa sabuni peke yake katikati ya kioo, akabonyeza mahali. Mstari ukapita juu yake taratibu kutoka kushoto, na nyuma ya mstari, mahali palipokuwa na ukungu, pakatokea ngozi. Pakatokea vinyweleo. Kope. Nyusi mbili zilizolingana. Na mdomo unaocheka, meno meupe, yamepangana kama vigae.

Dada mkubwa alishika mdomo. "Ni yeye! Jamani, mdogo wangu, ni yeye!" Akaanza kulia kilio chenyewe, ambacho tangu afike hakuwa amepata nafasi ya kukilia.

"Inakisia tu, lakini inakisia vizuri," alisema Dijitali kwa upole. "Dada, kuna kitu cha kurekebisha?"

Binti alisogea. "Mashavu. Yajae kidogo. Kama alivyokuwa kabla ya kuumwa."

Mashavu yakajaa.

"Na macho yasiwe na uchovu."

Uchovu ukaondoka. Mwanamke aliyekuwa kwenye kioo alikuwa mzuri, mwenye afya, mwenye furaha, na mzee hakuwa amewahi kumwona popote. Aliinuka kwenye benchi.

"Si yeye," alisema.

Walimgeukia wote.

"Meno. Lile moja lilipanda juu ya mwenzake. Na nyusi hazikuwa sawa, hii ilikuwa juu. Na alipocheka hakufungua macho hivi, aliyafumba."

"Lile jino lilikuwa upande gani, mzee?" Dijitali aliuliza, kidole tayari. "Nitaliweka."

Mzee alifungua mdomo kujibu. Aliinua mkono wake wa kulia, akagusa meno yake mwenyewe upande mmoja, akasita, kwa sababu mtu anayemtazama mwenzake huona kulia kushoto, na hapakuwa na picha ya kuangalia. Akagusa upande mwingine.

"Kushoto," alisema binti.

"Kulia," alisema dada mkubwa wakati huohuo, akifuta machozi.

Walitazamana. Mtoto wa yule mama wa benchi alianza kulia, na mtu wa kopi akatazama saa yake.

"Shemeji," dada mkubwa alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa anaamrisha. "Watu wanasubiri. Gari la maiti limeshalipiwa. Tumzike na uso, tafadhali. Uso wowote unaokaribiana na wake."

"Baba," binti alisema, "una nyingine?"

Alifikiria ule mwanga wa dirishani na kimraba juu ya kope. "Sina," alisema. "Ichapeni."

*

Ilichapwa kubwa, ikatiwa fremu. Watu walipita mbele ya jeneza, na karibu kila aliyepita alisimama kwenye picha na kutikisa kichwa. "Ni yeye kabisa." "Utadhani atasema neno sasa hivi." Mtu aliyekuwa mti kwenye tamasha alikuja amevaa shati jeusi, aliitazama muda mrefu kuliko wengine, akamwendea mzee, akambana mkono. "Mzee, kazi yako hii ni nzuri kuliko zote ulizowahi kupiga," alimwambia. Mzee alisema ahsante. Hakuona namna ya kusema kitu kingine.

Baada ya mazishi wageni waliondoka, na dada mkubwa naye akaondoka, na kabla ya kwenda aliitundika picha sebuleni yeye mwenyewe, akaisogeza mpaka ikanyooka. Nyumba ilibaki na watu wawili. Binti na baba yake walisalimiana asubuhi, walikula pamoja, walikumbushana kununua mafuta ya taa. Lile jambo halikutajwa. Jumapili moja tu, akipanga nguo za mama yake kwenye boksi, binti alisema bila kuinua kichwa, "Ulipoona zimeharibika, hukujaribu hata mara moja?"

"Nilimwahidi."

"Alikuwa amelala muda wote, baba. Asingejua."

"Asingejua," alikubali.

Binti aliikunja sketi, akaikunjua, akaikunja tena. "Lakini mimi ningejua sura ya kukumbuka," alisema, akabeba boksi kwenda chumbani.

Mzee alibaki sebuleni. Juu ya kochi mwanamke mzuri alimchekea kwa meno yake yaliyopangana. Katika wiki hizi alikuwa amejaribu kutomtazama, lakini chumba kilikuwa kidogo na kila kiti kilielekea kwake. Mchana ule aliinuka, akachukua taulo lililokuwa kwenye mgongo wa kiti, akalitundika juu ya fremu. Kisha akakaa, akafumba macho, akaanza kazi kama alivyoanza kila kazi, taratibu, kitu kimoja kwanza.

Paji la uso. Lilikuja bila shida: pana, na ile mikunjo aliyoikunja alipokuwa akitunga uzi kwenye sindano. Alilishikilia mpaka likatulia. Nyusi. Ya kushoto ilikuwa juu, aliiona, akaiweka. Macho, yaliyofumbwa kwa kicheko. Pua. Mashavu yalimsumbua, mara yamekonda, mara yamejaa, akayaacha kwanza kama yalivyo. Alivuta pumzi, akashuka kwenye mdomo, polepole, kwa uangalifu mkubwa, na mdomo ukafunguka kumchekea, meno meupe, yamelingana, yamepangana kama vigae.

Alifumbua macho. Taulo lilikuwa mahali pake. Alikaa akilitazama kidogo, akayafumba tena, akaanza upya kwenye paji la uso.